Peugeot 504 ipewe giaboksi ya ukoo wake

Mafundi wengi hapa Nakuru wana jibu moja kwa mwenye Peugeot 504 ambaye giaboksi yake imeanza kunguruma: weka ya Toyota, vipuri vyake viko kila duka. Nawaheshimu, lakini ushauri huo naupinga kwa nguvu zote.

Chini ya 504 shafti haizunguki wazi kama ya Hilux. Imefungiwa ndani ya bomba la chuma linalounganisha giaboksi na difu. Kwenye stesheni wagoni kama yangu, ile ya safu tatu za viti iliyobeba abiria nchi nzima, bomba hilo husaidia pia kuishika ekseli ya nyuma mahali pake. Ukileta giaboksi ya kigeni itabidi ulikate. Hapo hujabadilisha gia tu. Umegusa namna gari linavyokaa barabarani, na watoto wako wamo ndani.

Tafuta giaboksi ya ukoo wa 504. BA7/4, yenye gia 4, inafaa. Mimi nachagua BA7/5: gia ya tano hupunguza mizunguko ya injini kwenye safari ndefu. Kabla ya kulipa, izungushe kwa mkono katika kila gia, pima urefu wake kando ya ile ya zamani, kisha mwaga oili uone kama ina chembe za chuma.

Gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978 linastahili giaboksi ya ukoo wake. Wenye giaboksi zake zinazooza nyuma ya gereji, msiziuze kwa watu wa skrepu. Tuulizeni kwanza sisi tunaoziendesha 504.