Ushujaa wa mvuvi huanzia mwaloni

Kijana anayesukuma mtumbwi ziwani huku upepo umechafuka, tena bila jaketi okozi, hakosi wa kumsifu mwaloni. Ana moyo, watasema. Sifa hiyo inaua watu, na wakati umefika wa kuikataa hadharani, kuanzia Kibirizi na Katonga hadi Ujiji, kwenye mialo ya Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyezaliwa mwaka 384 kabla ya Kristo, aliuweka ushujaa kati ya woga na ujuba. Mtu asiyeogopa lolote, si tetemeko la ardhi wala mawimbi, hakumwita shujaa. Alimwona kama mwenye wazimu au aliyekufa ganzi. Hata mabaharia aliwagusa: utulivu wao katika dhoruba, alisema, hutokana na uzoefu unaowapa tumaini la kupona, na hilo bado si ushujaa wenyewe.

Basi ushujaa hupatikana wapi? Jibu lake ni mazoea. Mtu huwa mwashi kwa kujenga, na huwa shujaa kwa kutenda ya kishujaa mara kwa mara, tangu akiwa mdogo.

Wavuvi wa dagaa wanalijua hilo kwa mikono yao. Hakuna anayekabidhiwa chombo siku ya kwanza. Kijana hufua maji, huangalia taa, huvuta wavu usiku wa giza juu ya ziwa lenye kina cha hadi mita 1,470, huku akimtazama nahodha. Na hapo ndipo penye uzito wote: anachokiona kwa nahodha ndicho atakachokuwa. Akimwona anasoma mawingu na kuahirisha safari, atajifunza kuahirisha. Akimwona anadharau upepo kwa sababu jirani yake ameshatoka, atajifunza kudharau.

Sheria nayo ina sehemu yake. Aristotle aliamini kuwa watunga sheria wazuri huwafanya raia kuwa wema kwa kuwazoesha. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Kwa familia inayokula kwa dagaa na migebuka, miezi mitatu ni mirefu, na si haki kuwataka watu wajizuie bila kuwasaidia kupata riziki nyingine. Hata hivyo, hatua ilikuwa sahihi. Mwanzoni mtu hutii kwa kuogopa doria. Akirudia miaka kadhaa na kuona samaki wanaongezeka, anaweza kujizuia kwa hiari yake.

Lakini kujizuia kwa msimu hakutoshi ikiwa siku nyingine nyavu haramu zinaingia majini na majaketi yanabaki nyumbani. Manahodha na viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali za uvuvi, waanze na jambo dogo la kila jioni: chombo kisiondoke mpaka kila mtu, nahodha akiwa wa kwanza, amevaa jaketi lake.