Kuchemsha Hakuondoi Kila Kilichomo Majini

Mnamo Julai 1858 John Hanning Speke aliondoka Kazeh, palipo Tabora ya leo, akaelekea kaskazini na wapagazi wake. Tarehe 3 Agosti akaliona Ziwa Victoria. Mwendo ule sasa hufanywa na maji yenyewe, kwa upande wa kinyume. Huvutwa Ihelele wilayani Misungwi, husafishwa, kisha husukumwa ndani ya bomba hadi Nzega, Igunga na Tabora. Kwa mji uliozoea kulitegemea bwawa la Igombe na mvua yake, hiyo ni neema isiyo na shaka. Hata hivyo, bomba la ziwa limeiunganisha Kipalapala na majitaka ya Kampala na Kisumu, na jambo hilo halijaingia bado katika elimu ya afya itolewayo zahanati.

Zipo kemikali za florini zinazojulikana kwa kifupi kama PFAS. Zisichanganywe na floraidi ya asili, ile inayotoka miambani na kuyatia kahawia meno ya watoto wa Arusha na Singida. Hiyo ni chumvi, na Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. PFAS ni kazi ya kiwanda: minyororo ya kaboni iliyovikwa florini. Kifungo cha kaboni na florini ni imara mno, hata jua, bakteria na moto wa jikoni havikivunji. Kwa kuwa hazishikani na maji wala mafuta, zilitumika katika kutengeneza vikaango visivyonata, nguo zisizolowa, karatasi za kufungia chakula na povu la kuzimia moto wa mafuta katika viwanja vya ndege. Sifa iliyoziuza ndiyo inayozifanya zisiondoke.

Katika ziwa hili zimekwisha kuonekana. Watafiti walizikuta katika sangara na sato wa Ghuba ya Winam, upande wa Kenya; na utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulizikuta katika maji, udongo na mimea ya bonde la Nakivubo, linalopokea majitaka ya Kampala kabla hayajaingia ziwani. Viwango vya Kampala vilikuwa vidogo, na ziwa ni kubwa. Lakini kitu kisichooza hujilimbikiza, na mwili wa binadamu huchukua miaka kadhaa kuipunguza nusu tu ya PFOA au PFOS iliyomo damuni.

Madhara yake si ya kubuni. Huko Marekani, jopo la wanasayansi lililochunguza wakazi waliokunywa maji yenye PFOA kandokando ya Mto Ohio lilihitimisha mwaka 2012 kwamba kuna uhusiano wa kuaminika kati yake na saratani ya figo, saratani ya korodani, maradhi ya tezi ya shingo, kolesteroli nyingi, vidonda vya utumbo mpana na shinikizo la damu la ujauzito. Mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka PFOA katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Habari inayopaswa kumgusa zaidi muuguzi wa kliniki ya watoto ni ile ya Visiwa vya Faroe: watoto wenye kemikali hizi kwa wingi damuni walikuwa na kingamwili chache za pepopunda na dondakoo, ingawa walikuwa wamechanjwa.

Mama akiuliza, aambiwe nini? Aambiwe kwamba kuchemsha huua vijidudu, na kwa hiyo aendelee kuchemsha. Lakini kuchemsha hakuondoi PFAS, maana maji hupungua kwa mvuke nazo hubaki sufuriani. Aendelee kunyonyesha. Asiliache bomba na kurudi kisimani kwa hofu, kwa kuwa homa ya matumbo huua kwa wiki, nayo ni jirani zaidi. Kumwambia mama huyo anunue mtambo wa kuchuja ni kumtwika mzigo usio wake.

Usafishaji upo, nao ni ghali. Mkaa amilifu na resini huzinasa, utando wenye matundu madogo mno huzizuia. Kisha hubaki swali la mahali pa kuupeleka mkaa uliojaa sumu, kwani kuiteketeza hutaka tanuri la joto linalozidi nyuzi 1,000. Mwaka 2022 wanakemia wa Marekani walionyesha kwamba PFOA huvunjika kwa magadi makali na kiyeyushi katika joto la nyuzi 120, lakini hiyo bado ni kazi ya maabara.

Basi penye kushikika ni kwenye chanzo. Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania, Kenya na Uganda zote ni wanachama wake, uliibana PFOS mwaka 2009, ukaiongeza PFOA mwaka 2019 na PFHxS mwaka 2022. Povu kuukuu lililomo katika maghala ya viwanja vya ndege na bohari za mafuta lihesabiwe na liondolewe kabla halijamwagwa mferejini. Maji ya Ihelele yapimwe kemikali hizi kila mwaka na matokeo yabandikwe ukutani zahanati, kando ya ratiba ya chanjo. Na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Kisumu, ndiyo iulizwe kwanza, kwa sababu mfereji wa Nakivubo hauwezi kuzibwa kutoka Tabora.