Homoni ya kiume na huzuni: kipimo kitangulie sindano

KIGALI – Mwanaume anayechoka kabla ya adhuhuri, anayekosa usingizi na kukasirika kwa jambo dogo, huenda akaambiwa na wenzake kwamba amepungukiwa testosteroni, homoni ya kiume. Huenda ni kweli. Lakini je, kuongezewa homoni hiyo kutamrudishia furaha?

Mwaka 2016 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya majaribio yaliyohusisha wanaume 790 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, wote wakiwa na upungufu huo. Baada ya mwaka mmoja wa kujipaka testosteroni, huzuni yao ilikuwa imepungua kidogo kuliko ya wenzao waliopewa dawa bandia. Kidogo tu, na uchovu haukuonyesha tofauti ya kutegemewa.

Hapa Rwanda suala hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 ulibaini sonona kwa asilimia 12 ya wananchi, na asilimia 35 miongoni mwa manusura wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Huzuni ya namna hiyo haikuanzia kwenye korodani, na kuitibu kwa homoni peke yake ni kumchelewesha mgonjwa asipate msaada anaouhitaji. Isitoshe, unene uliokithiri na kisukari navyo hushusha testosteroni, hivyo kiwango cha chini huweza kuwa dalili ya maradhi mengine.

Sindano yenyewe si ya kuchezea. Zile za kila wiki mbili au tatu hupandisha homoni juu siku za mwanzo, kisha ikashuka, na hali ya moyo ikapanda na kushuka nayo. Zaidi ya hayo, ubongo ukihisi homoni inatoka nje, huacha kuzihimiza korodani. Mbegu za uzazi hupungua, pengine zikatoweka kabisa. Kijana wa Biryogo aliyeoa juzi angependa kulijua hilo kabla ya kuchomwa, si baada ya mwaka wa kusubiri mtoto.

Ndiyo maana damu hupimwa asubuhi, wakati homoni iko juu, na kipimo kurudiwa siku nyingine kabla ya uamuzi wowote. Kwa anayetaka mtoto, daktari anaweza kuchagua dawa za kuziamsha korodani zenyewe, mbegu zisikatike.