Kombe Lililobaki Algiers

Msimu wa kandanda wa 2022/23 ulifikia tamati Juni 12 katika uwanja wa Mkwakwani, Tanga, ambako Yanga iliifunga Azam bao 1-0 na kulitia Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani kabatini, pamoja na ubingwa wa Ligi Kuu. Kwa sisi tulioishabikia timu hii kutoka Mpanda, furaha ilikuwa kubwa. Hata hivyo, ninapoutazama msimu huo, si ushindi unaonirudia mara kwa mara akilini, bali ni vipigo vitatu.

Cha kwanza kilitufika Novemba 29, huko Mbarali. Yanga ilikuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza hata moja, na Ihefu, timu ya mikoani, ikaukata uzi huo kwa mabao 2-1. Sisi wa Katavi, ambao mkoa wetu hauna timu Ligi Kuu, tungepaswa kuwa wa kwanza kuwapa Ihefu mkono wa hongera. Badala yake vijana wetu wengi walimtafuta mchawi: mara ni mwamuzi, mara ni nyasi za uwanja.

Cha pili kilikuwa kizito zaidi. Aprili 16, katika kumi la mwisho la Ramadhani, Simba ilitufunga mabao 2-0. Aliyefunga tangu alfajiri na kuulinda ulimi wake kutwa nzima alijikuta jioni hiyo akipimwa na watani. Saumu haizuii chakula na maji pekee, na mtani naye ni jirani utakayekutana naye msikitini usiku huohuo, bega kwa bega katika safu ya tarawehe.

Cha tatu ndicho kilichotuumiza kuliko vyote. Siku moja baada ya Idi, Yanga iliifunga Rivers United 2-0 huko Nigeria, mabao yote yakiwa ya Fiston Mayele. Kisha ikaitoa Marumo Gallants ya Afrika Kusini na kuingia fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mei 28, Dar es Salaam, USM Alger ilishinda 2-1. Juni 3, huko Algiers, Djuma Shabani alifunga kwa penalti mapema, na Djigui Diarra akaokoa penalti ya wenyeji. Tukashinda 1-0. Jumla ikawa 2-2, lakini kombe likabaki Algeria kwa kanuni ya magoli ya ugenini. Tulishinda mchezo, tukakosa kombe.

Mtu hubebaje jambo kama hilo usiku, anapotoka kwenye kibanda cha televisheni akielekea nyumbani? Hapo ndipo ushabiki unapokuwa jambo la familia. Zipo nyumba ambazo watoto huyasoma matokeo usoni mwa baba kabla hajafungua kinywa, na mama huondoa chakula mezani kimyakimya kwa sababu timu imefungwa mbali kabisa na Mpanda. Zipo nyingine ambazo fedha ya sare za shule imeishia kwenye mkeka wa kubeti, nayo kamari haihalalishwi na rangi ya jezi. Mke na watoto hawakuingia uwanjani, lakini wao ndio wanaolipa.

Wachezaji wenyewe wametuonyesha njia nyingine. Baada ya Mbarali hawakususa. Walirudi mazoezini, wakatwaa ubingwa. Baada ya Algiers zilipita siku tisa tu wakalibeba kombe jingine Tanga. Mayele, Mkongo wa Yanga, alimaliza ligi akiwa na mabao 17, sawasawa na Saidi Ntibazonkiza, Mrundi wa Simba. Kwetu huku, wenye majirani wa Katumba na Mishamo ambao wazazi wao walitoka Burundi, hesabu hiyo ilitupa mazungumzo mema: kila upande ulikuwa na la kujivunia, na hapakuwa na aliyelazimika kumdhalilisha mwenzake.

Ligi hurejea baada ya mapumziko. Kabla haijaanza, ningewaomba akina baba wenzangu tukae na wake zetu tukubaliane mambo matatu: ni mechi zipi tutakwenda kuzitazama, na sala ya wakati huo tutaiswali wapi, ni kiasi gani cha fedha kitatumika, na kisizidi, na kwamba atakayeingia nyumbani baada ya kufungwa ataanza kwa salamu, kisha awaulize watoto wameshindaje. Yanga ikifungwa, nasi tutaumia, maana kuumia ni sehemu ya mapenzi. Watoto wetu wasiwe miongoni mwa waliofungwa.