Mzimu wa Ngezi na Kasumba Yetu

Wako wasomi wetu ambao, wakisikia neno mzimu, hukunja nyuso kama walioonjeshwa shubiri. Kwao utamaduni ni ngoma ya jukwaani. Hekaya za wazee ni ujinga wa kusahauliwa. Hii ni kasumba, na shahidi wangu dhidi yake ni Rasi ya Kigomasha, kaskazini-magharibi ya Pemba.

Waarabu walikiita kisiwa hiki Kisiwa cha Kijani. Baada ya tufani ya mwaka 1872 kuangamiza mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyoshika usukani wa zao hilo, na pori la asili likazidi kufyekwa. Shingoni mwa rasi hiyo umesalia msitu wa Ngezi. Humo huota mpapindi, mti wa jamii ya minazi ambao asili yake ni Pemba tu. Humo huruka popo wa Pemba, ambaye mbawa zake zikikunjuliwa hukaribia mita 1.6, naye hutawanya mbegu za miti. Humo pia mna mahali pa mizimu palipofagiliwa na kuheshimiwa na wazee.

Simwiti mtu kuabudu miti. Dini zetu twazijua. Nauliza tu: aliyemfunza mwanawe kuingia msituni kwa adabu alikuwa mjinga kuliko aliyeingia na msumeno? Serikali iliuhifadhi msitu huo katika miaka ya 1950. Heshima ya wenyeji ilikuwapo kabla ya hapo.

Wako watakaosema kwamba sheria yatosha. Basi na watazame yaliyomfika popo. Aliwindwa kwa ajili ya nyama, na ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1980 walibaki maelfu machache tu. Waliongezeka pale wanavijiji walipounda vikundi vyao vya kumlinda katika miaka ya 1990, hata hesabu za baadaye zikakaribia 20,000. Sheria ilipata nguvu pale watu walipoona kuwa mnyama huyo ni wao.

Kwa hiyo hekaya za Ngezi na ziandikwe kutoka vinywani mwa wazee wa Makangale wangali hai, na zisomeshwe skulini pamoja na majina ya miti na ndege. Mtoto asiyejua kwa nini babu yake aliuheshimu msitu ule hatakuwa na sababu ya kuuacha umesimama.