Mtangazaji wa Michezo Asiwe Wakala wa Kubeti

Saa moja asubuhi, ndani ya daladala inayotoka Mbagala kwenda Kariakoo, redio iko kwenye kipindi cha michezo. Mtangazaji anachambua mechi ya jana: beki wa kushoto alipanda mno, kiungo alikata pumzi dakika ya 60, kocha alichelewa kufanya mabadiliko. Abiria wanatega sikio kwa sababu mtu huyu anaujua mpira. Kisha, kwa sauti ileile, bila muziki wa kutenganisha wala neno la kufunga mada, anaendelea kusema kwamba leo usiku kuna mechi ya Ulaya, mwenyeji ana odi nzuri, yeye mwenyewe asingeiacha, na namba ya kuweka pesa ni hii hapa. Mwishoni anayakimbiza maneno manne, vigezo na masharti kuzingatiwa, kwa kasi ambayo hakuna sikio la kuyashika. Mwanafunzi mwenye sare aliyebanwa karibu na mlango ameisikia namba, na masharti yamempita.

Jambo hili linatokea kila siku ya Mungu, Dar es Salaam na Mwanza, Nairobi na Mombasa, na limezoeleka hadi halimshtui mtu. Sisi linatushtua. Kubashiri matokeo ni biashara halali Tanzania, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, na ipo Bodi inayoisimamia. Mtu mzima aliyetimiza miaka 18 akiamua kuweka elfu yake, hatuna ugomvi naye. Ugomvi wetu ni na studio. Chombo cha habari kinachomgeuza mchambuzi wake kuwa mpiga debe wa kampuni ya kubeti kimeukiuka wajibu wake wa kwanza kwa msikilizaji, ambao ni kumjulisha wakati gani anapewa habari na wakati gani anauziwa bidhaa.

Wauzaji wa matangazo wanajua vizuri wanachofanya. Tangazo lililorekodiwa, lenye muziki wake na sauti ya mgeni, msikilizaji hulitambua mara moja, akalipuuza au akaendelea na soga yake. Tangazo linalosomwa na mtangazaji mwenyewe katikati ya uchambuzi halipuuzwi, na kwa sababu hiyo kampuni zinalipenda. Kinachonunuliwa pale ni imani ambayo mtangazaji ameijenga kwa miaka mingi, kwa kusema ukweli kuhusu timu hata pale mashabiki wa Simba au Yanga walipomnunia. Imani hiyo ilitolewa na wasikilizaji, na hawakulipwa hata senti. Mwenye redio hana haki ya kuipiga mnada.

Tuitazame bidhaa yenyewe kwa hesabu, maana hesabu ndiyo isiyosomwa hewani. Chukua mkeka wa mechi 10, yaani dau moja linaloshinda tu mechi zote zikibashiriwa sawasawa, ule wanaoupenda vijana kwa sababu dau ni dogo na ahadi ni kubwa. Tuseme kila mechi ina nafasi nusu kwa nusu, na kampuni inatoa odi ya 1.90. Odi ya haki ingekuwa 2.00. Ile 0.10 iliyopunguzwa ndiyo fungu la kampuni, yaani wastani wa shilingi 50 katika kila 1,000 iliyowekwa kwenye mechi moja. Ni kiasi kinachoonekana kidogo. Lakini mkeka huzidisha odi, na makato nayo yanazidishwa humohumo. Mkeka huo wa shilingi 1,000 ukitiki unalipa kama shilingi 613,000, na hiyo ndiyo namba inayopigiwa kelele redioni. Haitajwi kwamba una nafasi 1 tu ya kutiki kati ya 1,024. Wala haitajwi kwamba, kwa wastani, katika kila 1,000 inayowekwa kwenye mikeka ya namna hiyo, karibu 400 inabaki kwa kampuni. Kwenye mechi moja mchezaji anakatwa asilimia 5. Kwenye mechi 10 anakatwa asilimia 40. Sasa inaeleweka kwa nini bonasi nono huwekwa kwenye mikeka mirefu.

Mchambuzi anayeweza kutufafanulia mfumo wa 4-3-3 anaweza kuifafanua hesabu hii kwa dakika mbili. Anaujua mpira na anajua kuhesabu. Mkataba wa udhamini ndio unaomfunga mdomo, na hapo ndipo uzito wa kosa ulipo, kwa sababu mtu aliyeajiriwa kutueleza mchezo analipwa ili asitueleze sehemu ya mchezo huohuo inayotugusa mfukoni.

Simu imelifanya kosa hili kuwa baya zaidi. Bahati nasibu ya zamani ilikuwa na nafasi ya kufikiri ndani yake. Mtu alitoka nyumbani, akanunua tiketi, akasubiri siku ya droo, na katikati ya hapo alilala na kuamka na akili zake. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, ilileta neema ya kweli. Mama aliyeko Songea alianza kupokea pesa ya mwanawe wa Dar es Salaam bila kumwomba dereva wa basi abebe bahasha. Njia hiyohiyo sasa inabeba madau. Ada ya mtoto, kodi ya chumba na hela ya kubeti vinakaa kwenye laini moja, na kinachovitenganisha ni tarakimu chache za kubonyeza. Haihitajiki hata simu janja. Ya kitochi inatosha. Tangazo linapotoka kwenye spika ya daladala, pesa inaweza kuwa imeondoka kabla gari halijafika kituo kinachofuata.

Na siku hizi hata mechi haihitajiki. Mchezo wa Aviator, uliotolewa na kampuni ya Spribe mwaka 2019, ni picha ya ndege inayopaa huku kizidisho cha dau kikipanda. Mchezaji achukue chake kabla ndege haijatoweka. Raundi moja huisha kwa sekunde chache, kisha inaanza nyingine, mchana na usiku. Hakuna kikosi cha kuchambua wala majeruhi wa kuulizia. Tunawauliza wakuu wa vipindi vya michezo: mchezo huu unaingiaje kwenye kipindi cha mpira, kama si kwa sababu wasikilizaji wa mpira wamekwisha kuuzwa kama kundi?

Na kundi hilo si dogo. Mwaka 2017 kampuni ya utafiti ya GeoPoll iliwauliza vijana wa nchi sita za Afrika kwa njia ya simu. Nchini Kenya, asilimia 76 ya waliojibu walisema wamewahi kucheza kamari au kubeti, kiwango kikubwa kuliko nchi nyingine zote zilizohusishwa. Mwaka huohuo kampuni ya kubeti ya SportPesa iliingia Tanzania kwa kishindo, ikawadhamini Simba na Yanga kwa pamoja, na mwezi Julai ikaileta Everton ya Uingereza kwenye Uwanja wa Taifa kucheza na Gor Mahia ya Kenya. Wayne Rooney alifunga, Everton ikashinda 2-1, na kwa siku kadhaa hapakuwa na habari nyingine mjini. Tangu wakati huo kampuni za aina hii zimebaki vifuani mwa wachezaji wetu.

Haki lazima itendeke kwa pande zote. Fedha za udhamini zimelipa mishahara ya wachezaji ambao zamani walikuwa wakikopwa miezi mitatu mitatu. Serikali inapata kodi kwenye mapato ya kampuni na kwenye ushindi wa mchezaji. Vijana wamepata kazi kwenye vibanda na ofisi za biashara hii. Klabu inayovaa nembo ya mdhamini inafanya jambo lililo wazi, kwa kuwa kila anayeitazama jezi anajua pale kifuani pamelipiwa. Tunachokikataa ni malipo yaliyofichwa ndani ya maoni.

Wamiliki wa vyombo vya habari wana jibu lao, nalo si la kubeza. Matangazo yaliyokuwa yakilisha magazeti na redio yamehamia Google na Facebook. Taasisi za umma zinachelewa kulipa. Kampuni za kubeti zinalipa kwa wakati, na zikiondoka, kuna waandishi watakaopoteza ajira. Tunaijua hali hiyo kwa sababu nasi tunaishi ndani yake. Lakini daktari ambaye hajalipwa mshahara haruhusiwi kumwandikia mgonjwa dawa kwa kuwa kampuni ya dawa imemlipa, na hakuna anayeliona hilo kuwa ukatili kwa daktari. Uhaba wa mapato ni sababu ya kutafuta mapato mengine, au ya kupunguza kipindi. Haugeuki kuwa ruhusa ya kumficha msikilizaji nani anayezungumza.

Nairobi imejaribu njia ya amri. Mei 2019 bodi ya Kenya inayosimamia kamari ilipiga marufuku mabango ya barabarani, matangazo kwenye mitandao ya kijamii na matumizi ya watu mashuhuri, na ikazuia matangazo ya redio na televisheni kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku. Miaka sita baadaye, Aprili 2025, bodi hiyohiyo ililazimika kusimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na mwaka huohuo ikaja sheria mpya kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Hapa kwetu Bodi ya Michezo ya Kubahatisha nayo ilisimamisha matangazo kwenye vyombo vya habari mapema 2019. Yakarudi, na yamerudi kwa wingi. Amri ya mwezi mmoja inamfundisha mtangazaji kusubiri mwezi uishe. Kinachohitajika ni kanuni ya kudumu inayosema nani hawezi kulisoma tangazo la kubeti, na lisisomwe mahali gani.

Tena si lazima Serikali itangulie. Nchini Uingereza, ambako ligi yake ndiyo inayojaza mabanda yetu ya mpira kila Jumamosi, kampuni za kubeti zenyewe zilikubaliana kuacha kujitangaza kwenye televisheni wakati mechi inaendelea kabla ya saa 3 usiku, na utaratibu huo ulianza Agosti 2019. Aprili 2023 klabu za Ligi Kuu huko ziliamua kwa hiari kuondoa nembo za kubeti kwenye vifua vya jezi ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Hatua hizo hazitoshi. Nembo zimeachiwa mikono ya jezi na kuta za uwanja. Hata hivyo wenye biashara walikaa wakakubaliana juu ya mpaka, na wamiliki wa redio zetu hawajakaa.

Kampuni za simu nazo zisijifiche nyuma ya maneno kwamba zenyewe ni njia tu ya kupitisha pesa. Ujumbe wa bonasi unaingia bila kuombwa, ukimkuta mtu na mshahara ambao bado haujagawanywa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa Mtanzania haki ya kukataa taarifa zake zitumike kwa matangazo ya biashara. Haki hiyo haina maana ikiwa mteja hajui abonyeze wapi. Kila mtandao uweke namba moja fupi ya kuzuia ujumbe na malipo ya kubeti, itangazwe kwa sauti ileile inayotangaza vifurushi, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ihakikishe inafanya kazi.

Lakini mzigo mkubwa unabaki studio. Tunawataka wamiliki wa redio na televisheni waandike kwenye mikataba ya kazi kwamba mchambuzi na mtangazaji wa michezo hasomi tangazo la kubeti, hataji odi na haoneshi mkeka wake kwa wasikilizaji. Tangazo litakalobaki lirekodiwe, litenganishwe kwa muziki, lirushwe baada ya saa 4 usiku, na litaje nafasi ya kupoteza kwa mwendo uleule linaotaja zawadi. Baraza la Habari Tanzania liliingize hili kwenye maadili yake kwa maneno yasiyo na tafsiri mbili. Mamlaka ya Mawasiliano impige faini mwenye leseni, si kijana aliyeshika kipaza sauti.

Tunalisisitiza hilo la mwisho kwa sababu tunajua mazingira ya kazi. Watangazaji wengi wa michezo ni vijana wanaofanya kazi bila mkataba, wanaolipwa kwa kipindi, na wengine wanategemea asilimia ya tangazo wanalolisoma ili wapate nauli ya kurudi nyumbani. Kumwambia mmoja wao akatae peke yake ni kumwambia aache kazi. Yeyote atakayekataa tutamuunga mkono waziwazi, lakini haki haiwezi kutegemea ushujaa wake. Sahihi tunayoitaka ni ya mmiliki, na iwe imewekwa kabla ya mechi ya kwanza ya msimu ujao.