Kiini cha Seli Kielezwe kwa Kiswahili

Wapo wasomi nchini wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na siasa, na kwamba hakiwezi kubeba sayansi ya kina. Mimi ni mwanaisimu wala si mwanabiolojia, lakini naona dai hilo halina mashiko. Na tulipime kwa utafiti ambao wengi wangeudhania haueleziki ila kwa Kiingereza.

Kiini cha seli kimezingirwa na utando wenye matundu. Molekuli ndogo hupenya zenyewe. Protini kubwa aghalabu hazipiti mpaka ziwe na alama maalumu, mithili ya anwani ya barua, itambuliwayo na protini nyingine ambazo kazi yake ni uchukuzi. Siku hizi watafiti waliokwisha kuhitimu uzamifu huitia protini moja rangi ing'aayo, kisha huitazama kwa hadubini ikivuka tundu. Mwaka 2004 wanasayansi wa Marekani walipima safari hiyo, wakaona huchukua takriban milisekunde 10, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde.

Je, msomaji, kuna lililokupita hapo? Istilahi hazikuanza leo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990.

Wala hili si suala la wasomi pekee. Virusi vya Ukimwi hupitia matundu yayo hayo kuingia katika kiini. Dawa iitwayo lenacapavir, iliyoidhinishwa Marekani kwa matibabu mwaka 2022 na kwa kinga mwaka 2025, hung'ang'ania ganda la virusi hivyo na kuvizuia visiingie humo. Mama anayeshauriwa kudungwa sindano hiyo ana haki ya kuuliza inavyofanya kazi. Wahenga walinena kuwa asojua maana haambiwi maana. Lakini ataijuaje iwapo wenye nayo wameifungia katika lugha asiyoielewa?

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kwa hivyo navisihi vyuo vikuu vyetu viagize kwamba kila tasnifu ya uzamifu wa sayansi iambatane na muhtasari wa Kiswahili, walau kurasa mbili. Sisi wanaisimu tuketi na wanasayansi tusaidiane kuuandika. Lugha hukua kwa kutumiwa.